Kanisa Lililozidi Kiwanja Chetu: Habari za Monasteri ya Cluny

Jumamosi moja ya muhula huu, wote waliopita karibu na kiwanja chetu cha mpira waliona jambo la kuwachekesha. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walikuwa wakikimbia huku na huku na kamba ya katani, wengine wakigongomea vigingi ardhini, nami mwalimu wao wa Historia nimesimama katikati ya kiwanja na karatasi mkononi, nikipaza sauti kama nahodha wa jahazi. Wapo waliodhani kwamba shule inauza kiwanja chake. Mhariri wa jarida letu ameniomba nieleze tulikuwa tukifanya nini, nami nakubali kwa furaha, hasa kwa kuwa wazazi huzisoma kurasa hizi, na kamba ile ilinunuliwa kwa fedha za shule.

Tulikuwa tukipima kanisa. Kanisa lenyewe lilisimama Ufaransa, katika mji mdogo wa Cluny, na leo halipo tena ila kipande. Nilitaka wanafunzi waujue ukubwa wake kwa miguu yao, maana hesabu iliyoandikwa kitabuni husahaulika upesi. Tuliweka kigingi cha kwanza kwenye goli la mashariki, upande wa altare, kisha tukaelekea magharibi. Tulipofika goli la pili tulikuwa tumepima mita 100 tu. Tukavuka njia ya kwendea karakana, tukapita chini ya miembe, tukaingia katika shamba la maharagwe la Kidato cha Kwanza, na huko ndiko tulikopiga kigingi cha mwisho. Mita 187! Kijana mmoja akaketi juu ya tuta akasema, "Mwalimu, mtu akichelewa kuingia hapa, ibada itakwisha kabla hajafika mbele."

Tulicheka sote. Lakini mwenzake hakucheka. Aliutazama ule urefu wa kamba akaniuliza, "Mwalimu, ni vita gani iliyolivunja kanisa kubwa namna hii?" Nikamwambia kwamba nitamjibu, lakini kwanza yafaa tujue lilijengwaje. Makala haya ndiyo jibu langu.

MWANZO WA CLUNY

Monasteri ni nyumba, au tuseme kijiji kidogo chenye ukuta, wanamokaa watawa wa Kikristo walioacha ndoa na mali yao wenyewe ili waishi pamoja kwa sala na kazi. Watawa hao huitwa wamonaki, na mkubwa wao huitwa abate. Katika Ulaya ya Magharibi wengi wao walifuata kanuni iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 na Benedikto wa Nursia. Kanuni hiyo ingali hai. Watawa wa Peramiho na Ndanda, kusini mwa Tanzania, wanaishi kwa kanuni iyo hiyo mpaka leo.

Mwaka 910 bwana mkubwa mmoja aitwaye Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alimpa Abate Berno ardhi katika bonde la mto Grosne, nchi ya Bourgogne. Husimuliwa kwamba Guillaume aliipenda sana ardhi ile kwa kuwa hapo ndipo alipofuga mbwa wake wa kuwindia, akasita kuitoa. Berno akamwambia awaondoe mbwa na kuwaweka watawa, maana alijua vema ni wapi kati ya hao ambao sala zao zingemfaa mbele ya Mungu. Kama hadithi hii ni ya kweli au ni ya kupambwa, hati ya zawadi yenyewe ni ya kweli, na ndani yake mlikuwa na sharti lililobadili mambo mengi.

Zamani zile mabwana wenye nchi waliziona monasteri kama mali yao. Waliwaweka ndugu zao kuwa maabate, wakachukua mavuno, na sala zikawa jambo la baadaye. Guillaume aliandika kwamba Cluny itakuwa mali ya Mitume Petro na Paulo, chini ya ulinzi wa Papa wa Roma. Hapana mfalme, hapana askofu, wala yeye mwenyewe Guillaume na jamaa zake, atakayeruhusiwa kuinyang'anya mali yake. Na watawa watamchagua abate wao wenyewe.

Uhuru huo ndio uliokuwa mbolea ya Cluny. Pamoja na uhuru walipata bahati ya viongozi walioishi miaka mingi. Abate Odilo aliongoza tangu mwaka 994 hata 1049, na Abate Hugues tangu 1049 hata 1109. Hesabuni wenyewe: miaka 115, na maabate wawili tu! Mambo yaliyopangwa na mmoja hayakupanguliwa na mwingine kila baada ya miaka michache. Monasteri nyingine zikaomba kuwa chini ya Cluny, na nyingine mpya zikaanzishwa, kutoka Hispania hata Uingereza, mpaka nyumba zilizoitii Cluny zikawa yapata elfu moja.

SIKU YA MTAWA

Hatuwezi kulielewa jengo kama hatujui watu waliolitumia. Watawa walikusanyika kanisani usiku wa manane, kisha mara saba tena kwa mchana, kuimba zaburi. Cluny walizidisha: waliimba kuliko monasteri nyingine zote, wakiandamana kutoka altare moja kwenda nyingine, na mapadre wengi walihitaji altare nyingi za kusomea misa. Hiyo ndiyo sababu moja ya kanisa lao kuwa refu na lenye vikanisa vingi vidogo pembeni yake. Hawakujenga ukubwa kwa fahari peke yake, ingawa fahari nayo haikukosekana.

Kando ya kanisa palikuwa na ua wa mraba, uliozungukwa pande zote na baraza yenye matao, ili watawa watembee bila kunyeshewa. Kuzunguka ua huo kulipangwa vyumba vyote vikuu: ukumbi wa mikutano, ambamo kila siku ilisomwa sura moja ya Kanuni, bweni, na chumba cha kulia. Mpango huo wa ua wa katikati ulienea katika monasteri za Ulaya, hata mtawa mgeni aliyefika usiku aliweza kukisia njia ya kwenda kanisani.

Saa nyingi za siku kunena kulikatazwa. Basi wakabuni lugha ya ishara za mikono. Aliyetaka mkate aliunganisha vidole gumba vyake viwili na vidole vya shahada kufanya duara, kwa kuwa mkate ulikuwa wa mviringo. Aliyetaka samaki aliupunga mkono kama mkia wa samaki majini. Nilifanya kosa la kuwafundisha wanafunzi ishara hizi, na sasa wanazitumia chumba cha kulia, ingawa sijaona kwamba zimepunguza kelele.

Watawa hao waliwalisha maskini pia, na kila mtawa alipofariki, chakula chake kiliendelea kutolewa kwa maskini kwa siku kadhaa. Ni Abate Odilo aliyeweka tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote, na desturi hiyo ikaenea katika Kanisa Katoliki lote.

JINSI MAWE YANAVYOBEBA MAWE

Sasa tuingie katika ujenzi. Majengo ya Ulaya ya Magharibi ya tangu yapata mwaka 1000 mpaka katikati ya karne ya 12 huitwa ya mtindo wa Kiromaneski. Waliojenga hawakulijua jina hilo. Lilibuniwa na wataalamu wa karne ya 19 walioona kwamba kazi zile zinafanana na za Warumi wa kale. Alama zake ni rahisi kukumbuka: kuta nene, madirisha madogo, nguzo nzito, na matao ya nusu duara.

Kabla ya hapo makanisa mengi yalikuwa na dari za mbao, na mbao huungua. Mshumaa mmoja ukianguka, au radi ikipiga, kazi ya miaka 30 iliteketea kwa usiku mmoja. Kwa hiyo waashi walitamani dari ya mawe. Tena dari ya mawe huifanya sauti ya waimbaji izunguke na kudumu, na watu wa Cluny walikuwa watu wa kuimba.

Lakini jiwe litabakije juu hewani bila kuanguka? Hapa niliwaita mbele vijana wawili wa darasa langu. Nikawasimamisha wakitazamana, umbali wa hatua mbili, kisha wakaegemeana kwa viganja vya mikono. Hawakuanguka, kwa kuwa kila mmoja alimzuia mwenzake. Hilo ndilo tao. Mawe yake huchongwa kama kabari, membamba chini na mapana juu, na waashi huyapanga juu ya kiunzi cha mbao. Lile la katikati juu likishatiwa, tao limefungwa. Kiunzi huondolewa, na mawe huegemeana. Uzito wenyewe unaotaka kuyaangusha ndio unaoyabana.

Kisha nikawaambia wale vijana waegemeane kwa nguvu zaidi. Mara viatu vyao vikaanza kuteleza nyuma. Darasa zima likaiona hatari ya tao: halisukumi chini tu, husukuma na nje. Nikawaita vijana wengine wawili waweke miguu yao nyuma ya visigino vya wale wa kwanza, na mtelezo ukakoma. Hao wa nyuma ndio kuta nene za Kiromaneski. Dari ya mawe ya kanisa refu ni tao moja lililorefushwa kama pipa lililopasuliwa katikati, nalo husukuma kuta nje kwa urefu wake wote, mchana na usiku, kwa mamia ya miaka. Ukitoboa dirisha kubwa katika ukuta huo umeudhoofisha. Sasa mnajua kwa nini makanisa hayo yana giza kidogo ndani.

Mwisho nikawasogeza wale wawili karibu zaidi, wasimame karibu wima. Wakaegemeana, na safari hii miguu haikuteleza sana. Hivyo ndivyo lilivyo tao lenye ncha juu: kwa kuwa pande zake zimesimama zaidi, uzito mwingi huenda chini na msukumo wa nje hupungua. Shikeni jambo hili, maana tutalikuta Cluny.

KANISA LA TATU

Kanisa la kwanza la Cluny lilikuwa dogo. La pili lilibarikiwa mwaka 981. Watawa walipozidi kuongezeka, kuelekea 300, Abate Hugues alianza la tatu mwaka 1088. Hilo ndilo tulilolipima kwa kamba.

Watawa walisimulia kwamba mzee mmoja mgonjwa, jina lake Gunzo, aliota ndoto. Katika ndoto hiyo Mitume Petro na Paulo pamoja na Stefano Shahidi walimtokea wakinyosha kamba ardhini, wakampimia urefu na upana wa kanisa jipya na kumwamuru ampelekee abate vipimo hivyo. Nilipowasimulia wanafunzi hadithi hiyo pale kiwanjani, kila mwenye kamba alijiona mtakatifu! Mtawa mwingine, Hézelon wa Liège, aliyekuwa hodari wa hesabu, hutajwa kuwa alishughulika na ujenzi. Ndoto huanzisha kazi, lakini hesabu ndiyo huimaliza.

Ukumbi wa katikati ulikuwa na njia mbili za kando kila upande, yaani safu tano kwa jumla. Makanisa mengi hujengwa kwa umbo la msalaba, yakiwa na mikono miwili; hili lilikuwa na jozi mbili za mikono, kubwa na ndogo, na minara ilisimama juu yake. Dari ya ukumbi ilifika kama mita 30 kutoka sakafuni. Mnazi mrefu kupita yote niliyopata kupanda utotoni ungeweza kusimama ndani yake. Hapana kanisa jingine katika Ulaya ya Magharibi lililolizidi urefu mpaka lilipojengwa Kanisa jipya la Mtakatifu Petro huko Roma, lililoanzishwa mwaka 1506.

Na ili kupanda juu namna hiyo, wajenzi walitumia matao yenye ncha. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike katika mtihani kwamba kila jengo la Kiromaneski ni la nusu duara tu. Jengo kubwa kuliko yote ya mtindo huo lilikuwa na matao yenye ncha, ambayo baadaye yalikuwa alama ya mtindo uliofuata, wa Kigothiki.

Tarehe 25 Oktoba 1095 Papa Urban wa Pili, ambaye mwenyewe alikuwa amepata kuwa mtawa wa Cluny, alikuja kuibariki altare kuu. Mwezi uliofuata, katika mkutano wa Clermont, Papa huyo huyo aliwaita Wakristo wa Magharibi kwenda kuiteka Yerusalemu, na hivyo zikaanza Vita vya Msalaba. Historia haitupi watu weupe tupu wala weusi tupu. Abate mmoja wa baadaye, Pierre, aitwaye Mheshimiwa, alikwenda Hispania mwaka 1142 akawalipa wataalamu waitafsiri Kurani Tukufu kwa Kilatini, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1143. Nia yake ilikuwa kubishana na Waislamu, lakini kwa maneno, si kwa silaha. Na alijua kwamba hapana ubishi wa haki na mtu ambaye hujasoma kitabu chake.

FEDHA NA UFA

Jengo kama hilo lililipwa na nani? Watawala wengi walitoa, lakini mkubwa wa watoaji alikuwa Alfonso wa Sita, mfalme wa León na Castilla huko Hispania, aliyeahidi vipande 2,000 vya dhahabu kila mwaka. Yeye naye aliipata dhahabu kwa kuwatoza kodi watawala wa Kiislamu wa Andalusia. Na sehemu kubwa ya dhahabu iliyotumika katika nchi hizo za Kiislamu za magharibi ilikuwa imevuka jangwa la Sahara kwa ngamia, kutoka nchi za Afrika ya Magharibi kama Ghana ya kale. Basi yawezekana sana kwamba jasho la wachimbaji wa Kiafrika lilichangia kuta za Cluny, ingawa hapana aliyewakumbuka katika sala.

Mwaka 1086 majeshi ya Al-Murabitun kutoka Moroko yalimshinda Alfonso, na kodi ile ikapungua. Zawadi ya dhahabu haikutegemeka tena, na ujenzi ulikuwa umeanza miaka miwili tu baadaye! Cluny ikaingia katika madeni. Mwaka 1125 sehemu ya dari ya ukumbi ikaanguka. Miguu ya tao iliteleza, kama ya wale vijana wangu. Ikajengwa upya, na mwaka 1130 Papa Innocent wa Pili akalibariki kanisa. Ukumbi wa mbele wa kuingilia ulimalizika katika karne ya 13.

Wakati huo huo sauti za lawama zilisikika. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa shirika lingine lililopenda ukavu, aliandika kuwalaumu watawa kwa makanisa marefu kupita kiasi na mapambo ya ajabu ajabu, hali maskini wako uchi mlangoni. Msomaji na aamue mwenyewe. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba Bernard alisema kweli, na kwamba waashi wa Cluny walifanya kazi njema. Mambo yote mawili yaweza kukaa pamoja.

NI VITA GANI ILIYOLIVUNJA?

Sasa nirudi kwa kijana wangu na swali lake. Palitokea vita, ndiyo. Mwaka 1562, katika vita vya dini vya Ufaransa, monasteri iliporwa. Lakini kanisa halikuanguka. Lilibaki limesimama zaidi ya miaka 200 baada ya hapo.

Lililoharibika kwanza ni lile sharti la Guillaume. Uhuru wa kuchagua abate ulipotea, wakawekwa maabate wakubwa wa serikali, kama Kardinali Richelieu, waliokula mapato bila kukaa na watawa. Kisha, katika karne ya 18, watawa wenyewe waliuvunja ule ua wa kale na kujenga majengo mapya ya mtindo wa siku zao. Hawakuwa maadui, walikuwa watu walioona ya kale kuwa yamechakaa.

Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789. Mali ya Kanisa ikafanywa mali ya taifa, mashirika ya watawa yakapigwa marufuku mwaka 1790, na watawa wakatawanyika. Mwaka 1798 kanisa liliuzwa kwa wafanya biashara wa mji wa jirani, Mâcon. Hawakulinunua wasalie. Walinunua mawe. Walipasua barabara katikati ya ukumbi, wakauza mawe kwa mikokoteni. Mwaka 1810 lango kuu, lililokuwa na sanamu za kuchongwa, lililipuliwa kwa baruti. Hapo penye altare na vikanisa vyake pakajengwa mazizi ya farasi wa serikali, kwa mawe yale yale. Uvunjaji uliendelea mpaka mwaka 1823. Kuta zile zilikuwa nene hata miaka 25 ilihitajika kuzimaliza.

Basi jibu ni hili: hapana vita. Kanisa lililobarikiwa na Mapapa lilivunjwa na watu wenye risiti.

Nilipomwambia kijana hivyo aliwakasirikia sana wale wafanya biashara. Nami nikaona haya, maana sikuweza kukasirika pamoja naye. Karibu na kijiji nilichozaliwa, pwani, palikuwa na kuta za kale za mawe ya matumbawe, zenye tao moja la mlango lililosalia. Wazee walisema ni nyumba ya watu wa kale, basi, hawakujua zaidi. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 baba alitaka kujenga jiko la nje. Mimi na kaka yangu tulikwenda mara nyingi na toroli tukabomoa mawe mazuri ya mraba, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuchongwa na hayakuwa na mwenyewe. Lile tao tulilipiga kwa mtaimbo, na nakumbuka tulishangilia lilipoanguka. Hapana aliyetukataza. Jiko lile lilidumu miaka sita. Leo sijui wala siwezi kujua nyumba ile ilikuwa ya nani, maana jiwe likishahama mahali pake huwa bubu.

YALIYOBAKI

Cluny ilisalimika kwa sehemu isiyofika moja ya kumi. Umebaki mkono wa kusini wa ule msalaba mkubwa, na juu yake mnara wa pembe nane uitwao Mnara wa Maji ya Baraka. Aingiaye chini yake huinua macho akaona dari ilivyo mbali, na kutokana na mkono huo mmoja hukisia mwili mzima.

Aliyefanya kazi ya kukisia kwa kanuni ni Mmarekani Kenneth John Conant, mwalimu wa chuo cha Harvard. Tangu mwaka 1928 hata 1950 alirudi mara kwa mara kuchimba misingi, kupima, na kulinganisha na michoro ya zamani, mpaka akaweza kulichora kanisa zima kwenye karatasi. Michoro niliyoshika pale kiwanjani ilitokana na kazi ya watu kama yeye. Vichwa vya nguzo zilizoizunguka altare vimehifadhiwa katika ghala ya unga ya watawa, na juu yake zimechongwa sanamu za mito ya Peponi na hata za sauti za muziki. Na katika yale majengo ya karne ya 18, tangu mwaka 1901, vijana husomea uhandisi. Wanajifunza nguvu na mizigo hapo hapo palipoanguka dari ya 1125.

Anayetaka kuona sura ya Cluny katika jengo zima aweza kwenda Paray-le-Monial, si mbali na hapo, ambako kanisa dogo la mfano wa lile kubwa limesimama hata leo. Halikuuzwa kwa mawe. Wenyeji walilitumia kama kanisa lao, na kitu kinachotumika kina watetezi.

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili tusikitikie mawe ya Ufaransa tu. Naandika kwa kuwa yule kijana aliyeniuliza alikuja ofisini kwangu wiki iliyofuata. Aliniambia kwamba kijijini kwao uko ukuta wa kale ambao wadogo zake huutoa mawe, na akaniuliza afanye nini. Nilimshauri achukue kamba na karatasi wakati wa likizo, aupime, auchore, awaulize wazee majina, kisha awaonyeshe wadogo zake mchoro huo. Huenda ukuta usipone. Lakini watakaobomoa watajua wanabomoa nini, nasi hatukulijua hilo, mimi na kaka yangu.

Vigingi vyetu tumeviacha ardhini mpaka Siku ya Wazazi, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Wazazi watakaofika wanakaribishwa kutembea kutoka altare hata mlangoni. Tafadhali mkifika shambani mwangalie maharagwe.

Maswali ya kujipima

1. Sharti gani katika hati ya mwaka 910 liliisaidia Cluny kukua, nalo lilipotea kwa njia gani?
2. Eleza, kwa mchoro, kwa nini tao husukuma kuta nje, na kwa nini tao lenye ncha husukuma kidogo kuliko la nusu duara.
3. Ni mambo gani katika maisha ya watawa yaliyolifanya kanisa lao liwe refu na lenye dari ya mawe?
4. Bernard wa Clairvaux aliwalaumu watawa wa Cluny. Andika jibu ambalo wangeweza kumpa, kisha useme wewe uko upande gani.
5. Tafuta jengo la zamani karibu na kwenu. Lipime, lichore, na uandike habari zake kwa ukurasa mmoja. Kazi zilizo bora zitachapishwa katika jarida hili muhula ujao.